Mashine pepe imegoma kuhama
Hivi kunakili faili la gigabaiti 60 usiku kucha si adhabu tosha? Asubuhi nawasha mashine pepe iliyomo, yaani kompyuta ya kiprogramu inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi, kwenye kompyuta mpya, napata skrini nyeusi na ujumbe wa kosa usioeleweka. Kumbe uwezo wa kuendesha mashine pepe umezimwa kwenye BIOS, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta. Kompyuta mpya, prosesa ya nguvu, halafu kitu hicho kinakuja kimezimwa!

Haya, nikauwasha. Ikagoma tena. Niliihamisha ikiwa imesitishwa tu, sikuizima kabisa, na hali iliyohifadhiwa kwenye prosesa ya zamani haipatani na hii mpya. Hapo kosa ni langu, nakubali. Nikaifuta hali hiyo, na kazi ambayo sikuwa nimeihifadhi ikaenda nayo.

Ikawaka. Intaneti hakuna. Programu inayoendesha mashine pepe iliponiuliza kama nimeihamisha au nimeinakili, nilijibu nimeinakili, mashine ikapewa anwani mpya ya MAC, namba inayoitambulisha kadi ya mtandao. Linux iliyo mfumo endeshi wa ndani, ambayo ni ya zamani, ikaona kadi ngeni ikaiita eth1, huku mipangilio yote ya mtandao inaisubiri kadi iitwayo eth0. Tarakimu moja! Saa tatu nzima nachomoa waya, nazima ruta, nawanunia watu wasiohusika, kumbe ni 0 na 1.