Anayeshika listi ndiye wa kuchungwa kwanza

Hapa Goma ONG (shirika la msaada) yoyote ikifungua proje, kitu cha kwanza kupandishwa ni afishi. Msaada ni bure, usitoe pesa, usitoe mwili, ukiombwa kitu piga namba hii. Sawa. Mi sipigani na afishi, ibaki palepale. Lakini mara nyingi imeandikwa Kifaransa, imebandikwa kwenye mbao za ofisi ya komite ya waliokimbia vita, na ndani ya ofisi hiyo ndo amekaa yule baba ambaye mama anataka kumshitaki kwa kumdai mwili ili apate msaada, sasa niambieni, mama aliyetoka Masisi na watoto na godoro kichwani, simu haina moto, Kifaransa hajui, atasimama mbele ya ule mlango akopi namba huku bloku nzima inamuangalia? Na sanduku la maoni liko hapohapo pembeni na kufuli yake, ukionekana tu unatumbukiza karatasi, kufika jioni kila mtu anajua nani kasema.

Miaka yote hii tunamwambia mama: sema, toa ripoti, usiogope. Mi naona tumeanza na mtu asiye na nguvu yoyote. Wa kuanza naye ni yule anayeshika listi ya wanaopewa msaada.

Asiyewahi kuishi kwa msaada hajui listi ni kitu gani. Kambini ilikuwa hivi: asubuhi wanakuja vijana wamevaa jile (vizibao), na tableti ao daftari, wanahesabu menaji, yaani familia. Anayewatembeza ni shefu wa bloku, kiongozi wa sehemu ile ya kambi, juu wao hawajui mlango wa nani ni wa nani. Anasema hapa kuna watu, hapa hakuna, huyu ameshaandikwa, huyu si wa hapa. Dakika mbili mbele ya bashi (hema) yako na chakula cha mwezi mzima kimeshaamuliwa. Ulikuwa umeenda kuchota maji? Basi umepitwa. Siku ya jetoni, zile tiketi za kuchukulia msaada, wanasoma majina, lako halitoki, unaenda kwa shefu unamwambia papa, mimi sijaitwa na niko hapa tangu mwanzo, na yeye hakukatalii, anasema tu "nimekuelewa mama, kuja jioni tuangalie vile tutafanya." Jioni! Ofisi imefungwa, hakuna taa, watoto umewaacha kwa jirani. Hapo hakuna bunduki wala panga, hakuna aliyepiga kelele, na kesho yake jina linaonekana kwenye listi ya nyongeza. Ukimuuliza yule papa atakwambia alimsaidia.

Na kazi ni vilevile. Wakati wa Ebola, toka Agosti 2018 mpaka Juni 2020, pesa iliingia Beni na Butembo kwa wingi ambao watu walikuwa hawajauona, jipu kila kona, hoteli zimejaa, na nyuma yake kazi ndogondogo, kunawisha watu mikono, kupima joto kwenye bariere (vizuizi vya barabarani), kufagia, kupika. Nani anaingia kazini na nani anatoka, mara nyingi aliamua mtu mmoja kwa simu yake. Septemba 2020 waandishi wa The New Humanitarian na Thomson Reuters Foundation wakatoa ushuhuda wa wanawake 51 wa Beni waliosema walitumiwa kimwili na wanaume waliojitambulisha kuwa wafanyakazi wa msaada, wengine ili wapate kazi, wengine ili wasiipoteze. Mwaka uliofuata, 28 Septemba 2021, komisheni huru iliyowekwa na Shirika la Afya Duniani, OMS, ikatoa ripoti yake. Iliongozwa na Aïchatou Mindaoudou wa Niger pamoja na mama yetu Julienne Lusenge wa SOFEPADI, shirika la kutetea wanawake, mwanamke anayeijua hii nchi na majeraha yake. Watuhumiwa 83, kati yao 21 walikuwa wameajiriwa na OMS. Madai ya kubakwa tisa. Mimba 29, na kuna waliolazimishwa kuzitoa.

Kuna jambo kwenye ripoti ile ambalo sisi wa huku tulilipita haraka sana. Wengi wa watuhumiwa walikuwa Wakongomani wenzetu, watu wa mkataba mfupi. Tumezoea kusema "wazungu wa jipu" na kweli wageni walikuwemo, na madaktari wakubwa walikuwemo, lakini wengi walikuwa kaka zetu, mashemeji zetu, watu tunaosali nao Jumapili, waliopewa baji na uwezo wa kusema wewe uingie wewe utoke, na wiki moja iliwatosha kujifunza thamani ya uwezo ule. Ndio maana siamini kabisa kwamba dawa ni kuwafukuza wageni. Mpe mtu yeyote, awe wa Kinshasa, wa Butembo ao wa Geneva, listi ya watu wenye njaa, usimuwekee mtu wa kumuangalia, kisha subiri.

Sheria hazikukosekana. Umoja wa Mataifa uliandika yake Oktoba 2003: kubadilisha pesa, kazi, ao chakula kwa ngono ni marufuku, kulala na mtu aliye chini ya miaka 18 ni marufuku hata kama ulidhani ni mkubwa, na mfanyakazi akimshuku mwenzake lazima aripoti. Mwaka 2004 tu, haijapita hata miezi kumi na mbili, Bunia ikalipuka na mambo ya MONUC, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani, wasichana wa kambini kwa dola moja mpaka tatu ao kwa chakula. Halafu Ebola. Na kwenye Ebola mafunzo ya OMS juu ya mambo haya yalianza Novemba 2019, zaidi ya mwaka baada ya jipu za kwanza kufika. Kulikuwa hata na kesi moja ambayo uchunguzi haukufanyika kwa sababu eti yule mwanamke hakuwa mfaidika wa msaada wa OMS. Yaani umeharibiwa na mtu wao, lakini kwa kuwa hujapokea kitu chao, haiwahusu. Nilisoma hiyo sehemu mara mbili na hasira haijaniisha mpaka leo.

"Lakini si alikubali mwenyewe?" Hili swali nalisikia kwa motari, kwa salon, na cha kusikitisha zaidi nalisikia kwa wamama. Alikubali nini? Aliyekuwa na fufu nyumbani hakuenda jioni ile. Kukubali kunahitaji uwe na uwezo wa kukataa na kesho ukala, na huyu alikuwa na watoto wanaolia na mtu mwenye kalamu mbele yake. Na tukishasema alikubali, familia nayo inafuata, wanakaa na yule mwanaume, wanaandikiana karatasi, mbuzi, pesa kidogo, imeisha. Mwaka 2021 Associated Press waliandika habari ya daktari mmoja wa ile riposte (kazi ya kupambana na Ebola) na msichana wa Beni: mkataba wa maandishi, amlipe pesa, amlipie hospitali, amnunulie kiwanja, na waliotia saini kama mashahidi walikuwa wafanyakazi wenzake. Wakubwa nao wanapanga vilevile kama sisi mtaani.

Tena tusitenganishe haya na ubakaji wa porini, ni barabara moja. Mwaka 2023 Médecins Sans Frontières walitunza zaidi ya wahanga 25,000 wa ukatili wa kingono nchini, sehemu kubwa sana hapa Kivu ya Kaskazini, kwenye kambi za kuzunguka Goma. Wengi walishambuliwa wakienda kutafuta kuni na chakula. Sasa mama anaenda porini kwa nini? Juu rasheni imechelewa, ao jina lake halikutoka. Aliyekataa kwenda kwa shefu jioni ndiye anayekwenda msitu wa Virunga asubuhi kutafuta kuni za kuuza, na huko anakutana na wenye silaha. Kwa hiyo ONG inaponiambia ina proje ya kuzuia ukatili, swali langu la kwanza linakuwa chakula: kinafika lini, kinatosha siku ngapi, na kuni ama makaa vinatoka wapi.

Tangu Februari 2025 kambi hazipo tena, watu wameambiwa warudi kwao, wengine wamerudi, wengine wako ndani ya familia kule Ndosho, Mugunga, Katoyi, watu kumi na zaidi chumba kimoja. Pesa za Marekani zikakatika kipindi hichohicho, ofisi nyingi zikapunguza watu. Wengine wanadhani tatizo limeondoka na mabashi. Mi naona limezidi, juu kambini angalau kulikuwa na macho ya majirani na wasimamizi wa aina fulani, sasa listi inatengenezwa kwa avenii, na mwenye nyumba aliyekupokea bure ndiye anayesema kama wewe unahesabika ao hapana. Msaada umekuwa mdogo, wenye njaa wamebaki walewale, na kila jina linakuwa na bei kubwa zaidi.

Sasa nataka nini? Kwanza listi isomwe hadharani, kwa sauti, Kiswahili, mbele ya watu wote, kabla ya jetoni kugawiwa, na aliyeachwa aseme palepale mchana mbele ya watu na jibu atolewe palepale. Hiyo peke yake inaua "kuja jioni". Anayeandika majina asiwe yeye anayegawa, na wote wawili wasiwe wanaopokea malalamiko. Wamama wawemo wanaohesabu, na nikisema wamama simaanishi mmoja wa kupigwa picha na jile, maana mmoja kati ya wanaume kumi atanyamaza kama wengine. Kazi za jurnalie, zile za kulipwa kwa siku, zitangazwe, zipigwe kura kama ni lazima, hata kura ni bora kuliko simu ya mtu mmoja. Na mareko, wahamasishaji wa mtaani, walipwe vizuri jamani, mtu anayetembea kilometa kwa kilometa akizungumza na wamama hawezi kubaki na tisheti na sabuni.

Halafu hili ambalo sijui kwa nini halisemwi kwa nguvu: watu wanaogopa kwamba wakisema, proje itafungwa. Na wana haki ya kuogopa, juu mfadhili akisikia skandali mara nyingi anasimamisha pesa kwanza, na bloku nzima inalala njaa, na nani anabeba lawama? Yule mama. "Wewe ndo ulituharibia chakula." Nani tena atafungua mdomo baada ya hapo? Wafadhili waandike kabisa kwenye mikataba yao: lalamiko likija, anasimamishwa mtu, chakula kinaendelea, na wanaleta mtu mwingine wa kugawa wiki hiyohiyo. Na yule mtu asipatikane miezi mitatu baadaye ONG nyingine, ng'ambo ya barabara, na baji mpya. Goma ni mji mdogo, tunajuana, kinachokosekana ni ofisi moja kuiambia nyingine ukweli.

Na kwa walioumizwa, pesa iwe pesa. Novemba 2023 tulijua kupitia Associated Press kwamba OMS ililipa dola 250 kila mmoja kwa wanawake wasiopungua 104, na ili wazipate ilibidi wapite kwenye mafunzo ya kujitafutia kipato. Wengine wao wanalea mtoto wa mtu wa riposte. Dola 250 ni za kuanza kuuza mboga labda, siyo za kulea mtoto miaka kumi na nane. Huyo mtoto anahitaji jina la baba kwenye karatasi na pesa ya shule kila mwezi, na mwajiri wa baba ndiye anayejua alipo baba.

Kuhusu mbuzi na karatasi za familia, tujue tu kwamba sheria za Kongo za 20 Julai 2006 ziliondoa kabisa ile njia ya kumaliza kesi ya ukatili wa kingono kwa amande (faini) polisi. Shefu wa kartye (mtaa) akikuitisha mkaelewane, hana haki hiyo. Na ikiwa imekupata wewe, ao dada yako, ao mtoto, kabla ya kuwaza ofisi gani ya kushitaki, hospitali kwanza: masaa 72 kwa dawa za kuzuia VIH (virusi vya UKIMWI), siku tano kwa za kuzuia mimba, na hakuna haja ya kupita polisi kwanza ili utunzwe. Hapa Goma kuna hospitali ya HEAL Africa, Bukavu kuna ya Panzi ya daktari Mukwege. Kituo cha karibu nawe kikisema dawa zimeisha, usirudi nyumbani kungoja, waulize wapi zipo leo na nenda leo, juu masaa yanahesabiwa tangu ilipotokea, siyo tangu ulipofika.