Wikiendi ya kumuaga bibi harusi Ufaransa: siri afichwe nani?

Msichana anayeolewa Ufaransa siku hizi ni nadra akose wikiendi ya kuagwa na wenzake. Wafaransa huiita enterrement de vie de jeune fille, maziko ya maisha ya usichana, na kwenye WhatsApp huandika EVJF tu. Mara nyingi mpangaji mkuu ni shahidi wa ndoa, yule yule atakayetia saini siku ya kufunga ndoa kwa meya. Bibi harusi haambiwi kitu. Jumamosi asubuhi kengele inalia, anafungua mlango na kukuta rafiki zake wamejaa ngazini, na mchumba wake anatoa begi alilomfungia usiku kwa siri.

Wapo wanaoiona sherehe hii kuwa biashara ya watu wa hoteli na wauza mataji ya plastiki. Siungani nao. Kwa muda mrefu kuaga ujana kulikuwa mambo ya wanaume: bwana harusi alitolewa na wenzake wakanywa hadi usiku wa manane, huku mchumba wake yuko kwao akiandaa mashuka yaliyotariziwa herufi za jina lake. Siku aliyokuwa nayo binti ni tarehe 25 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Katarina, ambapo aliyefikisha miaka 25 bila kuolewa alivishwa kofia ya kijani na njano. Nyumba za mitindo za Paris ziliienzi sana desturi hiyo. Ni siku nzuri, lakini ilimtazama mwanamke kwa kile ambacho hajakipata. EVJF, iliyoenea miongo ya mwisho ya karne ya 20, inamtazama kwa maisha aliyokwisha kuyaishi na watu aliowapata humo.

Na ikipangwa vizuri inagusa moyo kweli. Chukua mchezo wa maswali. Mchumba hurekodiwa mapema kwa video akiulizwa: mlikula nini siku ya kwanza kutoka pamoja, tabia gani ya mwenzako inakuudhi, ulijua lini kwamba utamuoa? Bibi harusi anakisia kwanza, ndipo video inachezwa. Watu wanacheka, halafu linakuja jibu moja asilolitegemea, anashindwa kusema. Rafiki wa shule ya msingi na mwenzake wa kazini, waliokuwa hawajuani asubuhi, wanapeana tishu.

Lakini kuna yale majaribio ya barabarani. Bibi harusi anavishwa vazi la kuchekesha na shela ya bei rahisi, anatumwa kuuza karatasi za chooni kipande kimoja kimoja kwa wapita njia, au kuomba busu kwa wanaume asiowajua. Mchangamfu atafurahi. Mwenye haya atatabasamu mbele ya simu zinazomrekodi na kuombea saa ziende, kwa sababu akikataa ataonekana kaharibu sherehe ya watu.

Halafu pesa. Nyumba ya kupanga Bordeaux, au hata safari ya Barcelona, treni, spa, mgahawa: jumla inagawanywa sawa kwa sawa, na kwa kawaida fungu la bibi harusi hubebwa na wageni. Mwanafunzi analipa sawa na wakili. Wa kwanza wakishaweka alama za moyo chini ya picha ya nyumba, nani ataandika kwamba hana? Kwenye kicheni pati zetu nako kuna kubanwa, lakini kadi ya mchango unaiandika ahadi mwenyewe, na mweka hazina unaweza kumwomba akuvumilie hadi mwisho wa mwezi.

Kwa maoni yangu kasoro zote mbili zinatoka kwenye siri iliyovuka mipaka. Bibi harusi kutojua anakopelekwa ni zawadi. Kutoulizwa asichokitaka ni jambo jingine, na swali hilo moja, wiki kadhaa kabla, halifichui mpango wowote. Waalikwa nao waulizwe kiasi chao, mmoja mmoja na faraghani, kabla nyumba haijalipiwa, na bajeti ifuate mwenye kipato kidogo. Asiyemudu siku mbili aalikwe chakula cha Jumamosi jioni, alipie sahani yake, asidaiwe maelezo.