Boksi la kulipia deni

Kila ifikapo Julai simu yangu hujaa ujumbe wa vijana waliopata nafasi ya kusoma Ujerumani. Swali huwa lilelile: "Kaka, nikifika nitapata kazi ya kujikimu?" Jibu fupi ni kwamba utapata. Jibu refu ndilo linalonisumbua.

Wanaosema nenda wana hesabu mkononi. Vyuo vingi vya umma kule havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Tangu Machi 2024 mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka. Zamani zilikuwa 120. Kima cha chini cha mshahara mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa. Piga siku hizo kwa saa nane: zaidi ya euro 14,000 kabla ya makato. Serikali yenyewe inakadiria mwanafunzi anahitaji euro 992 kwa mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka. Kwenye karatasi, kijana anajilipia na chenji inabaki. Akihitimu, anapewa hadi miezi 18 ya kutafuta kazi ya fani yake. Mwambie asiende kijana aliyekaa Dar miaka mitatu na digrii yake bila ajira, atakuona una wivu. Sitamlaumu.

Shida inaanza kabla ya ndege. Ili upewe viza, njia ya wengi ni kuziweka hizo 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa, ambayo humwachia mwenyewe 992 tu kila mwezi. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 30 za Tanzania. Ni familia ngapi zina fedha kama hiyo imelala tu? Basi kinaitwa kikao cha ukoo, kiwanja cha Chanika kinauzwa, baba mdogo anakopa SACCOS, na mtu anasema kwa sauti ya matumaini: "Atarudisha akishafika." Ubalozini ile ni pesa ya kula. Nyumbani ni mkopo wa miezi michache. Pesa ni ileile, na haitoshi kwa yote mawili.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilianza kubeba boksi Leipzig, kwenye ghala la vifurushi, zamu ya usiku. Nilisoma kwa Kiingereza, Kijerumani changu kilikuwa cha salamu, na ghalani hakuna anayekuuliza lugha. Mzigo unateremka kwenye mkanda, unauskani, unaupanga, ukigeuka mwingine umeshafika. Glovu nilizopewa zilitoboka kidole gumba ndani ya wiki. Zamu ikiisha saa kumi na mbili asubuhi, kipindi kinaanza saa moja na nusu. Nilikuwa nakaa nyuma, karibu na hita. Nadhani sehemu yenyewe inajieleza.

Bado kuna bima ya afya, kodi ya chumba, na ile barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila kaya, hata kama huna redio. Halafu kibali cha kuishi kikikaribia kuisha, unatakiwa kuonyesha tena utakavyojikimu. Kikao cha ukoo hakiwezi kuuza kiwanja kilekile mara mbili.

Wengi huulalamikia ukomo wa saa. Ukizidisha saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, kwa kawaida unapoteza hadhi ya mwanafunzi kwenye bima. Nami niliulaani sana, lakini siku hizi nauona kama rafiki mwenye maneno makali. Kwenye vyuo vingi, ukifeli mtihani uleule mara ya tatu unafutwa usajili, na kibali kinayumba. Ghala halikujui siku hiyo.

Kazi yenyewe haina ubaya. Wajerumani wenzako darasani nao wanafanya. Na zipo nafuu zake: usaidizi wa utafiti chuoni hauhesabiwi kwenye zile siku 140, na anayejitolea miezi sita ya mwanzo kujifunza lugha hupata kazi ya duka au ofisi, mchana, kwa saa zinazoeleweka. Ila mwenye deni hana miezi sita. SACCOS inataka marejesho mwezi wa pili, kwa hiyo anakimbilia boksi, na boksi linamnyima lugha ambayo ingemtoa kwenye boksi.

Ndiyo maana huwashauri waende na pesa ya mwaka mzima isiyodaiwa na mtu. Hapo hoja yangu inachechemea, najua. Kwa kauli hiyo watakwenda watoto wa wenye nazo peke yao, na mimi mwenyewe nisingekwenda. Baba mdogo nilimaliza kumlipa miaka mitatu baada ya kuhitimu. Shahada ilichelewa mihula miwili. Kiwanja cha Chanika kina ghorofa la mtu mwingine.