Madawati yanatengenezwa Katuba, kontra inaenda kwa wengine

Kila mara mukubwa akisimama mbele ya watu kuongelea biashara ndogo hapa Lubumbashi, maneno ni yaleyale: wadogo hawako tayari, wafundishwe kwanza. Halafu inaletwa formasyo ya siku mbili, watu wanapewa kalamu na karatasi ya kuonyesha walihudhuria, wanarudi kwenye atelye (karakana) zao na hakuna komanda (oda ya kazi) hata moja inayowafuata. Mimi sikubaliani na hiyo njia. Kazi yangu ni kushika hesabu na kutengeneza dosiye za mafundi na ba mama wenye biashara ndogondogo hapa mjini, kwenye komini ya Katuba, komini ya Kenya, kidogo Kampemba, na nachokiona mimi kila siku ni hiki: vitu vinavyonunuliwa kwa pesa ya serikali, sehemu kubwa ni hawa wadogo wanaovitengeneza tayari. Kontra (mkataba) tu ndo haiko yao.

Chukua madawati ya shule. Mradi unatoa zabuni moja, ndani yake wameweka madawati ya shule zote, wakaongeza meza za walimu, makabati ya biro, wakati mwingine hata ujenzi wa madarasa yenyewe, yote loti moja, yaani fungu moja la kazi. Wanaomba uonyeshe umeshafanya kazi za ukubwa huohuo miaka iliyopita, wanaomba garanti ya banki, wanaomba mauzo ya mwaka ambayo fundi wa Katuba hatayafikisha hata akifanya kazi usiku na mchana. Basi anashinda mtu wa mjini mwenye biro nzuri, mwenye kasheti (muhuri) na konti ya banki, lakini msumeno hana. Huyo anampigia simu mwingine, mwingine anampigia mwingine, mwisho kuna mtu anafika Katuba jumamosi na avansi ya kununua mabomba ya chuma na mbao, anamwambia fundi nataka madawati haya kwa wiki tatu. Fundi anachomelea kwa gurupu (jenereta) sababu umeme wa SNEL umekatika, mazuti (dizeli) analipa mwenyewe, na bei aliyopewa imeshakatwa mara tatu njiani. Papa mmoja ninayemtengenezea hesabu aliniambia hivi: "Ile ba dawati yote miye njo nilitengeneza, lakini hata jina yangu haiko fasi." Na ni kweli, haiko popote. Mwaka unaofuata akiombwa kuonyesha kazi alizofanya, hana karatasi hata moja ya kuonyesha, kwa hiyo anaendelea kuitwa "hana uzoefu".

Na ufundi wa hapa mtu asiulize. Huu mji umezaliwa kwenye atelye. Mwaka 2003 Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, iliachisha watu zaidi ya 10,000 katika ile operesheni ya departi volonteri (kuacha kazi kwa hiari) iliyolipiwa na Banki ya Dunia, na kati yao walikuwemo mafundi wa mashine, wa umeme, wa kuchomelea, watu waliofundishwa kwa miaka mingi ndani ya kampuni. Uliza kwenye mitaa ya Katuba utaonyeshwa parseli (kiwanja) ambayo baba aliweka meza ya kazi nyuma ya nyumba, akafundisha watoto wake na watoto wa jirani. Hao ndo wanaotengeneza milango, matanki, mikokoteni, madawati. Kuwaambia hawa watu shida yao ni kufundishwa ni kuwakosea heshima.

Zamani ungeweza kusema masoko ya serikali, yaani manunuzi yake, yote yako Kinshasa, sisi wa huku tufanye nini. Leo haiko hivyo. Sheria ya migodi ya mwaka 2018 iligawanya ile rwayalti, yaani malipo juu ya madini, inayolipwa na makampuni: 50 kwa mia inaenda serikali kuu, 25 kwa mia jimbo, 15 kwa mia inaenda moja kwa moja kwa komini, sekta ao sheferi (eneo la chefu) ambamo mgodi uko, na 10 kwa mia ni ya mfuko wa vizazi vijavyo. Tena juu ya hiyo kila kampuni inayochimba inatakiwa kutoa angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yake ya mwaka kwa ajili ya miradi ya wenyeji, na kuna kamati ya kuzisimamia. Huku kwetu Haut-Katanga na kule Lualaba hizo si pesa ndogo. Zinanunua shule, vituo vya afya, visima, barabara ya vumbi, ofisi ya chefu. Burgumestre (mkuu wa komini) ao chefu wa sheferi leo ni mnunuzi, ana bajeti, na yuko karibu na fundi kuliko waziri yeyote. Ndo maana naona mapigano yetu ni hapa chini, kwenye komini, na si kungoja mtu wa Kinshasa atuonee huruma.

Sasa nachokiomba mimi ni kitu kimoja: komini ikate kazi kwa loti ndogo, na ilipe kwa wakati. Basi. Mengine yote tutayatengeneza.

Loti kwanza. Kuna watu wakisikia hivyo wanaruka, wanasema sheria inakataza kukatakata komanda. Ndiyo, kukatakata ili kukwepa zabuni kumekatazwa, na ni vizuri, tunajua walivyokuwa wanakula kwa njia hiyo. Lakini loti ni kitu kingine. Zabuni ni moja, imetangazwa wazi mbele ya wote, ila ndani yake kuna vipande vingi, kila mtu anaomba kile anachoweza. Sheria ya masoko ya umma, ile namba 10/010 ya 27 Aprili 2010, inajua mambo ya loti, inajua pia biashara kadhaa kuungana na kuomba pamoja, na gré à gré, yaani kumpa mtu kazi bila zabuni, imewekwa kama kitu cha pekee kwa sababu maalum, haikuwekwa iwe desturi. Kwa hiyo hatuombi sheria mpya. Madawati ya shule moja ni loti moja, makabati ni loti nyingine, dari na milango loti nyingine. Na tangazo libandikwe hapo watu wanapopita, kwenye soko la Kenya, kanisani, lisomwe redioni kwa Kiswahili, maana kubandika karatasi ya Kifaransa ndani ya korido ya biro si kutangaza.

Mwingine ananiambia ubora utapotea ukiwa na mafundi wengi. Hapana. Weka dawati moja la mfano pale komini, kila mtu aje alipime, aguse chuma unene wake, aone mbao na rangi, na siku ya kupokea kazi mkaguzi analinganisha. Lisilofanana linarudi. Leo dawati linapita mikononi mwa watu watatu ambao hawajui hata nani alilichomelea, sasa hapo ubora unalindwa na nani?

Kuhusu malipo ndo roho inaniuma zaidi. Niseme wazi, hili la kuchelewesha pesa limeua biashara nyingi kuliko ushuru na kuliko polisi wa barabarani. Fundi akipata komanda ya moja kwa moja anafurahi, anakopa kwenye likelemba (kikundi cha kuchangiana pesa), anakopa kwa ba lambert (wakopeshaji wa mtaani) wenye riba ambayo ukiihesabu kwa mwaka inatisha, anaweka pikipiki ya mkwe wake dhamana, anamaliza kazi, anapeleka, anasainiwa bon ya kupokea, halafu anaanza kutembea. Leo mwenye kusaini hayuko, kesho fakture (ankara) haina namba, kesho kutwa pesa haijashuka kutoka juu. Miezi inapita. Riba haingoji. Mama mmoja wa Kenya mwenye kushona iniforme alifanya kazi nzuri kwa ofisi moja ya umma hapa kwetu, alilipwa, ndiyo alilipwa, lakini wakati pesa inafika mashine mbili zilikuwa zimeshauzwa. Leo ukimwambia habari ya zabuni anakuangalia tu. Huyo hakushindwa na ukosefu wa elimu.

Kampuni kubwa inaweza kungoja, ina akiba na banki inaipokea. Mdogo hawezi. Kwa hiyo komini ikitaka kweli kusaidia wadogo itenge pesa ya hiyo loti kabla ya kutangaza zabuni, itoe avansi ya kununua vifaa, na ilipe vipande vipande kadiri kazi inavyopokelewa. Shule ya kwanza imepokea, lipa ya shule ya kwanza. Na orodha ya fakture zinazongoja ibandikwe ukutani na tarehe yake, ili mtu ajue yuko wa ngapi na asipitwe na aliyekuja juzi.

Upande wetu pia kuna kazi. Patanti (leseni ndogo ya biashara) peke yake haikutoshi mbele ya mnunuzi wa serikali. Inatakiwa RCCM (rejista ya biashara), namba ya Id. Nat. (kitambulisho cha taifa cha biashara), namba ya kodi, karatasi ya DGI (ofisi ya kodi) ya kuonyesha haudaiwi, CNSS (hifadhi ya jamii), na mara nyingi INPP (mafunzo ya kazi) na ONEM (ofisi ya ajira). Mengi ya mwanzo unayapata pale Gishe Unik, ofisi moja ya kuandikisha biashara, ukienda mwenyewe bila kupitia mtu wa mlangoni anayejiita msaidizi. Najua inatisha. Mafundi wengi wanaogopa kwamba wakijiandikisha tu kila mtu wa kodi atajua mlango wao, na woga huo hautoki hewani, watu wamesumbuliwa sana. Lakini bila hizo karatasi utabaki yule wa mwisho kwenye mstari wa simu, na huko ndiko unakokamuliwa zaidi.

Na tusiende mmoja mmoja. Hapa ndo ningependa watu wasome mara mbili. Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, tarehe 12 Septemba 2012, na tangu hapo sheria ya koperative ya OHADA inatumika kwetu. Inasema watu 5 wanatosha kuunda koperative ya aina nyepesi. Watano tu! Hiyo kubwa yenye baraza la uongozi ndo inaomba 15. Fikiria mafundi watano wa avenue moja, mmoja ana mashine ya kukata chuma, mwingine ana gurupu, mwingine mkono wake kwenye mbao unajulikana mpaka Likasi. Wakiwa koperative moja wana RCCM moja, konti moja ya banki, na kazi iliyofanywa inaandikwa kwa jina lao, mwaka kesho inahesabiwa kama uzoefu. Niliona watu wakigombana kwenye koperative, ndiyo, na karibu kila mara ugomvi ulikuwa juu ya kitu kimoja: nani anashika pesa. Basi saini ziwe mbili banki, daftari lisomwe mbele ya wote kila mwisho wa mwezi, na bei ya kila kipande iandikwe kabla kazi haijaanza. Msimweke kiongozi mtu kwa sababu anaongea Kifaransa vizuri. Mweke yule ambaye hata sasa watu wanamwachia likelemba.

Tusisahau makampuni yenyewe ya migodi, maana kwetu soko kubwa ni lile. Sheria ya sutretansi (kazi ambazo kampuni inawapa wengine waifanyie) ya 8 Februari 2017 imesema kazi za sutretansi ni za biashara zenye mtaji ambao wengi wake ni wa Wakongo, na ikakataza kampuni kuwapa wengine zaidi ya 40 kwa mia ya kontra. ARSP, ofisi ya serikali, iliundwa kusimamia hiyo. Ni sheria nzuri, naitetea. Lakini palepale wakatokea watu wa kukopesha jina, Mkongo anasaini, mwenye pesa ni mwingine, na mama wa mayai haoni kitu. Angalia chakula tu: kambi za migodi kati ya hapa na Kolwezi zinalisha maelfu ya watu kila siku, na malori ya chakula yanapita mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia na Afrika Kusini wakati ba mama wa hapa wana bilanga (mashamba) za mboga na vibanda vya kuku. Kampuni inataka mayai mengi kila wiki bila kukosa, mama mmoja hawezi, ba mama ishirini wenye koperative na mahali pa baridi pa kuhifadhi wanaweza. Hapo jimbo lingejenga chumba kimoja cha baridi kuliko formasyo nyingine kumi.

Kama uko na atelye na unasoma hii, mwezi huu nenda pale komini yako ukaulize mpango wa manunuzi wa mwaka, ile orodha ya vitu wanavyotaka kununua na lini. Sheria inataka mipango hiyo itengenezwe na itangazwe. Nenda na wenzako wanne, ombeni kwa barua yenye kasheti ya kupokelewa, bakisheni kopi. Wakikataa kuwaonyesha, ile kopi ndo karatasi yenu ya kwanza. Na mkishaomba zabuni mkakosa, ombeni waandike kwa nini mmekosa, ni haki yenu, na kama kuna ujanja mnaweza kulalamika kwa aliyetangaza, asipojibu mnaenda ARMP, ofisi inayosimamia masoko ya umma, lakini siku za kufanya hivyo ni chache sana, kwa hiyo barua ya malalamiko iandikwe wiki ileile.