Panga Lisilo na Hata Mjusi

Mimi mtoto wa Muheza. Panga nimelishika kabla ya kalamu. Leo nina miaka 54, niko Birmingham, Uingereza, na nimeshindwa na kichaka cha uani kwangu.

Tena si kichaka cha maana. Miiba tu, wenyewe wanaiita bramble, ina vitunda vyeusi vitamu. Inainama taratibu kama inakuamkia, kumbe ncha ikigusa udongo inaota mizizi na safari inaanza upya. Sasa imefika kwenye kamba ya nguo. Shuka la mama Zuhura imelikamata, hailiachii.

Nikaagiza panga mtandaoni. Kijana aliyelileta akasimama mlangoni: eti kitambulisho, ahakikishe nimetimiza miaka 18. Na mvi zote hizi! Ndiyo sheria yao. Na ukikutwa nalo barabarani bila sababu ya maana, kifungo hadi miaka 4. Muheza ukipita bila panga ndipo watu wanakuuliza, kulikoni?

Babu alikuwa na panga la mamba, lile lenye chapa ya mamba la kiwanda cha akina Martindale, lililofuliwa hapa hapa Birmingham. Mimi niliyeifuata Birmingham yenyewe nimeletewa lisilo na hata mjusi! Refu, inchi 18, jembamba, linayumba kama mlevi. Makali hakuna, upige tupa mwenyewe. Nikapiga tupa mpaka jirani akafunga dirisha.

Pigo la kwanza, mwiba ukapinda, ukarudi, ukanizaba kofi la sikio. La pili likagonga shina, shina gumu kama mpini, panga likaruka.

Bibi wa jirani akachungulia juu ya ua. "Hilo la nyasi, bab." Hapa kila mtu ni bab, mimi nasikia baba, naitikia. Akaja na glavu za ngozi na chuma chake kifupi, kinene, kimepinda mdomo kama kotama ya mgema. Mkono wa kushoto kijiti chenye ndoana, upembo kabisa wa kuangulia maembe! Anavuta mwiba ukaze, anakata chini, hakawii. Mwiba uliolegea haukatiki, ananiambia, unakuchezea tu. Nimeona, bibi, sikio langu shahidi.

Robo saa, shuka liko huru, lina matundu kama chandarua.

Mama Zuhura dirishani: "Baba Zuhura, ukishamaliza kumtazama bibi wa watu, lete hilo panga nipasulie nazi."

Nazi ikapasuka pigo moja.