Ndizi za Nazi Kichwani

Nywele zangu ni kipilipili chenyewe. Ukizimwagia maji, matone yanasimama juu kwanza kama kwenye jani la mgomba, yanafikiria kama yaingie au yasiingie. Wifi yangu ana nywele za dawa. Mama mkwe ana mvi laini, chache. Ijumaa ile, kesho yake tuna harusi Mikindani, nikajitia utaalamu: kila kichwa nitakitengenezea rojo lake, saluni za Mtwara mjini tuwaachie wenye hela.

Mama mkwe nikampaka tui jepesi, likatoka salama. Wifi nikamwekea parachichi na asali. Yai nikamnyima, maana nywele za dawa ukizizidishia mayai zinakakamaa kama chelewa. Naye salama, ukiacha sisimizi waliomfuata mpaka kitandani.

Mimi nikajipendelea: ndizi 2 zilizoiva hadi kutoka madoa, mayai 2, tui zito na mafuta ya nazi. Kufika kwenye kusaga, umeme huo ukaenda zake. Nikaziponda ndizi kwa mwiko. Wifi akachungulia bakulini.

"Wifi, mbona mabonge mabonge?"

"Nywele hazitafuni, wifi. Zinanyonya tu."

Ilikuwa Julai, kusi inavuma, mafuta ya nazi yameganda chupani kama mshumaa. Nikayayeyusha jikoni, nikachanganya, nikajipaka kichwa kizima, nikakifunika kwa rambo niliyoificha chini ya godoro tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwaka 2019. Nusu saa nzima nilikaa kama malkia.

Wakati wa kuosha ndipo akili ikanizidi. Nikawaza: kama mafuta yanaganda kwa ubaridi huu tu, maji ya baridi yatayatoa wapi? Nikateka maji ya moto, yale ya kuvumilia huku umekunja uso. Kata ya kwanza tu, nikasikia harufu ya chipsi mayai.

"Mwanangu," mama mkwe akaita kutoka ndani, "mnakaanga mayai saa hizi?"

Nikajipapasa. Yai lilikuwa limeiva. Lenyewe halichagui kikaango wala utosi. Likikutana na moto linaganda, na hili liliganda likiwa limezikumbatia ndizi, ndizi nazo zimekumbatia kipilipili. Wifi akaja na kitana. Kila akivuta, kinadondoka kipande cheupe, kipande cha njano, na mie napiga kelele. Chini ya kigoda mitetea ya nyumbani ilikuwa inashindana kudonoa. Kuku wanakula mayai yao wenyewe, Mungu atusamehe.

Asubuhi nikaenda saluni, ileile niliyowaachia wenye hela. Msusi akafunua kanga, akachomoa kipande kwa ncha za vidole, akakinyanyua kwenye mwanga.

"Dada, hii mzuzu au kisukari?"

"Kisukari."

Akanusa. "Na nazi umetia?"

"Tui la kwanza."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi umesahau chumvi tu."

Alinichambua kwa muda wa saa 2, akanitoza mara mbili, na bado akasema mengine yatatoka yenyewe. Mikindani nilishuka kwenye bajaji na kilemba kimekazwa mpaka kwenye nyusi. Tulipoitwa upande wa bwana harusi kupiga picha, nikasogea, na nzi 3 nao wakasogea.