Ufupi wa Liberation Maiden si kosa

Wiki iliyopita nilipanda treni ya SGR kwenda Dar. Tulipoondoka tu stesheni ya Dodoma nikatoa Nintendo 3DS yangu, ile mashine ndogo ya magemu ya vioo viwili, ya siku zote yenye mkwaruzo kwenye kifuniko, nikaendelea na Liberation Maiden. Pembeni yangu alikaa kijana wa chuo. Akachungulia wee, mwisho uvumilivu ukamwisha.

"Kaka, hilo gemu gani? Mbona kali hivyo?"

Nikamtajia. Akalitafuta kwenye simu, akasoma kidogo, uso ukamnywea. "Ila wanasema fupi sana, kaka. Saa moja tu limeisha." Akarudi kwenye video zake.

Sina ugomvi na yule kijana. Ugomvi wangu ni na wachambuzi waliomzoesha kupima gemu kama kitambaa pale soko la Majengo, mita ngapi kwa shilingi ngapi.

Kweli, lina hatua tano. Lilitoka mwaka 2012, kazi ya studio ya Grasshopper yake Goichi Suda. Kule Japani lilikuwa moja ya magemu manne ndani ya kaseti iliyoitwa Guild01. Kwingine likauzwa peke yake, kwa kupakua tu. Unakuwa Shoko Ozora, rais wa Japani ya miaka mia ijayo, anayeingia mwenyewe ndani ya roboti kwenda kuikomboa nchi yake. Hadithi ni nzuri, lakini kinachonirudisha kila mara ni ngao.

Ngoja niwaeleze linavyochezwa. Mkono wa kushoto unaongoza roboti, wa kulia umeshika kalamu. Unaikokota kalamu kwenye kioo cha chini, maadui wanawekewa alama mmoja baada ya mwingine, na ukiinua tu, makombora yanachomoka yote kwa pamoja. Sasa, makombora hayo hayana ghala lake. Yanatoka kwenye ngao ile ile inayokukinga. Ukirusha mengi kwa tamaa, kwa muda ule kifua kiko wazi mbele ya mizinga. Ukibana, maadui wanajaa mbele yako. Kila unapoinua kalamu unaamua ni kiasi gani cha usalama wako ukiweke rehani. Nimecheza magemu ya saa sitini ambayo hayana wazo moja lililokamilika namna hiyo; yanakutembeza porini kuokota majani, basi.

Na hizo hatua tano hazichezwi mara moja. Mara ya kwanza unapita kwa kubahatisha, jasho linakutoka. Mara ya sita unapenya katikati ya risasi huku unajua kabisa ngao yako imebaki kiasi gani. Sisi wa Dodoma tungepaswa kulielewa hili kuliko watu wote. Akina mama wa Kigogo wakiweka ngoma za muheme katikati ya miguu na kuanza kupiga, hakuna anayesimama uwanjani na saa mkononi kulalamika kwamba wamemaliza mapema. Watu wanaangalia mikono. Wanasikiliza kama ngoma zimeshikana. Wakimaliza, wanaombwa warudie.

Haya, pesa ni pesa, hilo nakubali. Kununua vitu hivi kutoka hapa hakukuwa rahisi: binamu yangu aliyeko Marekani alikuwa ananinunulia kadi za duka la mtandaoni la Nintendo, ananitumia namba, nami namrudishia fedha taratibu. Kwa mtu anayejibana kiasi hicho, kuuliza "litanichukua muda gani?" ni haki yake. Lakini aulize na la pili: je, nitalirudia?

Kwa kipimo hicho gemu lingine la 3DS, Gunman Clive, kazi ya Msweden mmoja, Bertil Hörberg, iliyouzwa dola 1.99, inayashinda mengi ya kwenye kaseti. Limechorwa kama mtu aliyepitisha penseli kwenye karatasi ya kaki. Unaruka, unapiga bastola, unakufa, unaanza tena bila kusubiri. Ukilimaliza unafunguliwa bata asiyeweza kupiga risasi hata moja, na hatua zile zile zinageuka gemu jipya.

Mighty Switch Force! la WayForward lina kitufe kimoja cha kutoa na kurudisha matofali, na kitufe hicho kinatosha. Mutant Mudds ni zuri, ila ile picha ya kina (3D) ikizimwa linapoteza nusu ya ladha. Sakura Samurai linajirudia mno kuelekea mwisho, silitetei kwa hilo. Lakini lile zoezi la kusimama kimya, kumwacha adui aanze, ukakwepa dakika ya mwisho ndipo ukakata, limenifundisha subira ambayo hakuna gemu lingine la panga lililonifundisha.

Kinachoniuma ni kwamba tunaongea habari za vitu visivyouzwa tena kwenye 3DS. Tarehe 27 Machi 2023 duka la mtandaoni la 3DS lilifungwa kwa manunuzi. Aprili 2024 Nintendo wakazima na kucheza mtandaoni. Kaseti unaweza kumwazima jirani, ukaiuza, ukaikuta mtumba. Gemu la kupakua limefungwa ndani ya mashine yako. Mpwa wangu wa Chang'ombe aliniomba Gunman Clive aende nalo Kondoa likizo, ikabidi nimpe mashine nzima, nikakaa wiki tatu bila kitu. Ndiyo maana neno "fupi" la mchambuzi mmoja wa mwaka 2012 linaumiza hadi leo. Liliwafanya watu wengi wapite, na sasa mlango umefungwa.

Kabla ya mahandaki ya Kilosa nilimpa yule kijana mashine, nikamwonyesha namna ya kushika kalamu. Alirusha makombora yote kwa mkupuo, akapigwa, akaanza upya. Alipiga kimya hadi Morogoro. Hatua ya pili hakuimaliza.

Mwenye 3DS kabatini, aichaji leo. Ulivyowahi kununua bado vinapakulika upya kwa sasa. Fungua orodha yako ya zamani, vishushe vyote kwenye memori kadi wakati bado inawezekana, na ukikuta Liberation Maiden humo, usisubiri bando liwe kubwa.